Sauti ya Mafua

"Haya, kaka, tuimbie kipande kimoja tu. Bila gitaa, bila ngoma. Wewe na koo lako."

Hapo ndipo tulipomwacha Miwani wiki iliyopita. Amekaa kwenye chumba cha redio, maikrofoni iko mbele ya pua yake, na nchi nzima imetega sikio.

Nchi ilikuwa na sababu ya kutega. "Sabuni Machoni", wimbo wa bendi yake ya Waya Uchi, ulikuwa umekaa namba moja kwenye Kumi Bora ya redio ile wiki baada ya wiki, haung'oki, kama ubani uliotafunwa ukabandikwa chini ya dawati.

Miwani akalamba midomo. Akagusa koo. Kisha akafanya jambo ambalo hata mama yake hakuwa amelishuhudia tangu bendi ianze: akavua ile miwani nyeusi.

"Daktari amenikataza kuimba," akanong'ona.

"Daktari gani?"

"Wa koo."

"Lakini, kaka, tangu uingie humu hujanyamaza. Umetusimulia mpaka viatu ulivyovaa siku ya kuutunga."

"Kuongea ruhusa. Kuimba ndiyo marufuku."

Mtangazaji akacheka kicheko cha mtu aliyeona mkia wa panya nje ya tundu. "Wasikilizaji wangu, mnasemaje? Aimbe, asiimbe?"

Simu ikaita papo hapo.

"Mwacheni apumzike," sauti nzito ikasema. Ilikuwa ya Bosi, mwenye kampuni ya kurekodi iliyowachukua Waya Uchi.

Miwani akashusha pumzi. Angejua, angeibana.

"Asilimalize koo lake huko redioni," Bosi akaendelea. "Jumatano anaingia studio kwangu kurekodi albamu nzima. Nitakuwepo mwenyewe, nyuma ya kioo. Nataka sauti ile ile ya 'Sabuni Machoni'. Nikiipata, albamu inatoka. Nikiikosa, bendi nairudisha nilikoiokota."

Miwani akairudisha miwani yake usoni. Mkono uliomtoa shimoni ndio huo huo uliomshika shingo.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, siri ni ndogo na ni ya aibu. Sauti iliyo namba moja si ya Miwani.

Waya Uchi ni watu watatu. Wa kwanza ni Miwani, anayepiga gitaa na kuimba, au tuseme anayefungua mdomo. Wa pili ni Mpiga Besi, ambaye neno hulitoa kama anang'olewa jino. Wa tatu ni Mpiga Ngoma, binti wa mjomba wake Miwani, aliyelelewa na mama yake Miwani tangu alipokuwa wa kubebwa. Huyo mama, kwa binti, ni shangazi. Sisi nasi tutamwita Shangazi.

Albamu yao ya kwanza waliirekodi wenyewe, sebuleni kwa Shangazi, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. "Sisi ni bendi huru!" Miwani alikuwa akitangaza. "Hatuna kampuni, hatuna bwana!" Uhuru huo haikuwa kazi kuulinda, kwa sababu hakuna kampuni iliyowataka. Sidii zilizobaki, yaani karibu zote, Shangazi alizifunga uzi akazining'iniza bustanini kufukuza ndege. Huko zilisifiwa. Ndege walikimbia bila hata kuzisikia.

Siku kampuni ilipopiga simu, chai ya Miwani haikuwahi kupoa kabla hajasema ndiyo. Uhuru ukaishia hapo.

Na kampuni ilipiga simu kwa sababu ya kosa.

Siku ya kurekodi "Sabuni Machoni", Miwani alichelewa. Alikuwa kwa kinyozi, akichongwa mstari pembeni mwa kichwa. Fundi Mitambo, yule wa kurekodi, akachoka kungoja. "Nipeni sauti ya kuongozea," akasema, "ya muda tu, wapigaji wajue kibwagizo kiko wapi. Baadaye naifuta."

Mpiga Ngoma akaimba. Alikuwa na mafua makali, pua imeziba, koo limekwaruzika, sauti imeshuka mpaka mtu angedhani ni ya mwanamume aliyekesha akilia. Kabla ya kibwagizo cha mwisho chafya ikamjia, akaimeza.

Baadaye Miwani akafika, akaimba yake, nyembamba na kali kama birika linalochemka. Fundi Mitambo akazihifadhi zote. Moja aliiita "Mwisho". Nyingine "Mwisho Kabisa". Nyingine tena "Mwisho Kweli Kweli". Ulipofika wakati wa kupeleka redioni, akapeleka "Mwisho Kabisa".

Ya Miwani ilikuwa "Mwisho Kweli Kweli".

Miwani alipoisikia redioni, kwa siku nzima aliamini ni yeye. "Nilijua naimba vizuri," alimwambia mama yake, machozi yakimlenga, "lakini sikujua ni vizuri hivi!"

Mhakiki mmoja, si wa gazeti hili, aliandika kwamba ule mguno kabla ya kibwagizo cha mwisho ni "kilio cha roho iliyovunjika". Ilikuwa chafya, bwana. Vijana kwenye maonyesho waliupiga kwa pamoja, mikono juu, macho wamefumba. Miwani aliwanyooshea maikrofoni, wakamwimbia wao mwanzo mpaka mwisho, naye akarudi nyumbani akilalamika amechoka.

Mpiga Ngoma alitaka kusema tangu siku ya kwanza. Shangazi akamwita jikoni, akamshika mikono yote miwili.

"Nimekulea, mwanangu. Hujawahi kunikatalia neno. Usimwaibishe mwenzio."

"Na mimi, Shangazi?"

"Nipe neno lako."

Akampa. Tangu hapo sauti yake ikawa inaimba katika kila duka na kwa kila kinyozi, na yeye mwenyewe kanyamaza.

Sasa turudi. Miwani alitoka redioni mbio hadi nyumbani. Sebuleni alimkuta Shangazi akikunja nguo, Mpiga Besi akila, Mpiga Ngoma akigongagonga fimbo zake gotini.

"Binamu," akaanza, na alipoita "binamu" kwa upole kiasi kile kila mtu alijua ana shida, "Jumatano utaimba umejificha. Tutaweka pazia."

"Bosi anayekaa nyuma ya kioo ni kipofu?"

"Tutamwambia naona haya kutazamwa."

Mpiga Besi alipaliwa kwa kicheko. Miwani, kuona haya! Mtu aliyepiga picha ya jalada la albamu amelala juu ya gitaa, shati wazi hadi kitovuni!

"Mwache acheke," Miwani akasema. "Binamu, utaniokoa au huniokoi?"

Mpiga Ngoma akamtazama Shangazi. Shangazi akazidi kukunja nguo.

"Nilitoa neno," akasema. "Haya, sikiliza." Akaimba ubeti wa kwanza.

Sauti ilitoka safi, nyororo, haina mkwaruzo hata mmoja. Shangazi aliacha shati mapajani. Mpiga Besi aliacha kutafuna, na hilo si jambo dogo.

"Siyo," Miwani akasema.

"Siyo nini?"

"Siyo yenyewe. Ile ilikuwa nzito, imekwaruza. Hii ni sauti ya mtu tu."

"Nilikuwa na mafua, wewe! Nimepona. Unataka nikuombe radhi kwa kupona?"

Hapa nilikuwa nimewaandalieni kitendawili. Mgeni wangu habishi hodi, anapita kwa matundu mawili, na akiondoka hatumuagi, tunampangusa. Nilidhani mtanisumbua kidogo. Lakini Miwani amekitegua kabla yenu, na amekitegua kwa akili zake.

"Mafua!" akapaza sauti. Akazunguka meza. "Kumbe si wewe uliyeimba! Ni mafua! Yakiingia kwangu, yataimba kwangu pia. Tena vizuri zaidi, maana mimi ndiye mwimbaji!"

Mpiga Ngoma akaziweka fimbo chini.

"Rudia," Mpiga Ngoma akasema polepole.

"Si wewe, ni mafua. Usiliweke moyoni, binamu. Ni ukweli tu."

Mpiga Ngoma akageuka. "Shangazi, umesikia?"

Shangazi alikuwa akilikunja shati lile lile kwa mara ya pili. "Nimesikia, mwanangu."

Akaishia hapo. Lakini shati hakulimaliza.

Tangu saa ile Miwani akaanza kuyawinda mafua kama watu wengine wanavyowinda kazi. Alikunywa maji ya barafu. Aliloanisha kichwa akakaa mbele ya feni, meno yakigongana, kidaftari cha mashairi mkononi ili aonekane anatunga.

"Kwani ukiumwa tumbo," Mpiga Besi akauliza, "utapiga piano?"

Miwani akaisogeza feni karibu zaidi. Mpiga Besi akarudi kwenye sahani yake, ameshamaliza maneno ya wiki.

Kisha Miwani akaenda kwa dada yake, ambaye katoto kake ka kike kalikuwa kanaumwa, pua inavuja kama bomba bovu.

"Nimekuja kumchukua mwanao akae kwetu kidogo," akasema.

"Wewe?" dada yake akashangaa. "Hujawahi hata kumshika! Jina lake unalijua?"

"Mjomba hana haki ya kumpenda mpwa wake?"

Akambeba mpaka nyumbani, akampakata, akamsogezea uso. "Nipigie chafya hapa, mpenzi wa mjomba. Hapa hapa, shavuni."

Mtoto akamtazama, akacheka, akamvuta miwani. Kisha akageuza kichwa, akaipiga chafya yake yote kwenye mapaja na mikono ya Mpiga Ngoma aliyekaa kando.

"We mtoto!" Miwani akafoka. "Umeipoteza!"

Mpiga Ngoma akampangusa mtoto pua, akajipangusa mikono, akambeba yeye. Miwani hamuwezi mtoto zaidi ya dakika chache. Kumlisha na kumlaza kukabaki kwa binti, kama kazi nyingine zote za nyumba ile zisizopigiwa makofi.

Jumanne asubuhi nyumba nzima iliamshwa na kelele za furaha.

"Mama! Mama! Siwezi kupumua!"

"Pole, mwanangu!"

"Pole ya nini? Nipongeze!"

Jumatano ikafika. Studio ya Bosi ilikuwa na zulia mpaka ukutani, na upande wa pili wa kioo Bosi amekaa, mikono tumboni. Kando yake Fundi Mitambo, ambaye kwa sifa ya lile kosa lake alikuwa ameajiriwa na kampuni na kupewa kiti cha kuzunguka. Shangazi alikuja na chupa ya maji ya moto kwa ajili ya mwanawe, akaketi kwenye kona.

Miwani akasimama mbele ya maikrofoni, pua nyekundu, kifua mbele. Hakujaonekana mgonjwa mwenye majivuno kiasi kile.

Taa nyekundu ikawaka. Akaimba.

Lilikuwa birika lile lile, isipokuwa sasa mdomo wake umezibwa na kitambaa.

"Rudia," Bosi akasema.

Akarudia.

"Tena."

Aliimba mpaka mishipa ikamtoka shingoni, mpaka koo likachanika na maneno yakaanza kutoka vipande vipande. Hatimaye Bosi akainua mkono.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Bosi," Miwani akasema.

"Namuulizia aliye namba moja. Fundi! Huyu ni nani, na yule ni nani?"

Fundi Mitambo akatoka jasho. Kiti chake cha kuzunguka kikaanza kuzunguka chenyewe.

"Bosi, mimi nina watoto."

"Nimekuuliza habari za watoto?"

Fundi Mitambo akabonyeza kitufe. Ilikuwa ile rekodi yenyewe ya "Sabuni Machoni" kabla haijakatwa mwisho. Wimbo ukaisha, magitaa yakafifia, kisha sauti ile ile nzito, inayojulikana na nchi nzima, ikasema: "Haya, imetosha. Sasa mwambieni Miwani aje aukosee." Ikafuata chafya, safari hii haikumezwa.

Vichwa vyote vikageukia ngoma.

"Mimi sijasema," Mpiga Ngoma akasema, macho kwa Shangazi. "Shuhudia, Shangazi. Sijasema."

"Imba," Bosi akaamuru.

Akaimba palepale alipokaa, ile sauti yake ya afya. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Nzuri. Lakini watu hawakuniomba nzuri. Wameniomba ile." Akasimama, akachukua koti lake. "Basi. Kusanyeni vyombo vyenu."

Ndoto ikafa hivyo, kirahisi, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Mpiga Besi akaanza kuzungusha waya wake. Miwani akamlaumu kinyozi, akamlaumu daktari ambaye hakuwahi kuwepo. Mpiga Ngoma akaziweka fimbo mfukoni, akaelekea mlangoni.

Ameshika kitasa, akasimama. Mabega yakapanda.

Akapiga chafya.

Bosi akaganda, mkono mmoja umeingia kwenye koti na mwingine bado. Nchi nzima inaujua mwanzo wa chafya ile. Vijana wameuandika mguno wake mashatini.

Mpiga Ngoma akajipangusa pua. "Samahani," akasema, na neno lilitoka zito, limekwaruzika, limeshuka mpaka chini.

Mtoto yule alikuwa amewaambukiza wawili, mmoja tu alichelewa kuonyesha. Miwani alipata ugonjwa. Binti alipata sauti.

Koti la Bosi likaanguka. "Kaa! Usinywe dawa! Usinywe hata maji! Fundi, washa kila kitu!" Akaja upande wa pili wa kioo, sasa mpole kama mkwe. "Binti yangu, utaimba wewe. Kaka yako atasimama mbele, afungue mdomo, jalada libaki na sura yake. Watu wameshamzoea."

"Hilo wazo zuri sana," Miwani akasema. Yaani hakungoja hata kupumua.

Mpiga Ngoma hakumtazama Bosi wala Miwani. Alivuka zulia mpaka kwenye kona.

"Shangazi," akasema kwa sauti ile ya redioni, "neno lako nimelishika mpaka limenichubua mikono. Nyumbani kwako nimeambiwa mimi si kitu, ni mafua. Ukasikia. Leo nakuomba unirudishie neno langu."

Shangazi akaweka chupa chini. Akainuka taratibu, magoti yakilia, akaenda mpaka kwa mwanawe. Akamvua miwani. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Mama!"

"Sogea, mwanangu. Mwenzio apite."

"Mama, mimi ndiye mwimbaji!"

"Nilikuwa naning'iniza sidii zako bustanini," Shangazi akasema. "Nikajiambia ndege hawajui muziki. Kumbe walijua. Sogea."

Binti akasimama mbele ya maikrofoni. "Kwa jina langu na sura yangu," akamwambia Bosi, "au nikayaponee haya nyumbani."

"Mafua hukaa siku ngapi?" Bosi akauliza.

"Hayajaniambia."

Bosi akarudi nyuma ya kioo, Shangazi akamfuata. "Fundi. Rekodi."

Taa nyekundu ikawaka. Mpiga Besi akaacha waya, akashika gitaa. Sauti ikatoka, ile ile, lakini sasa ina mwenyewe, imesimama mbele, imeinua kidevu. Fundi Mitambo alilia, na safari hii aliandika jina la rekodi vizuri. Shangazi alijifunika mdomo kwa kiganja.

Hakuna aliyemwona Miwani alipotoka nje.

Wimbo wa pili ulikuwa katikati simu ya Bosi ilipoita. Akaisikiliza, uso ukabadilika. Akanyoosha mkono, akafungua redio iliyokuwa juu ya meza ya Fundi Mitambo.

"...kaka, tulia, pumua," alikuwa akisema mtangazaji yule yule. "Waambie wasikilizaji. Umeibiwa nini?"

"Sauti yangu."

Nyuma ya kioo Bosi, Fundi Mitambo na Shangazi walitazamana. Kuimba Miwani hakuweza. Lakini koo lile lililochanika kutwa nzima, likiongea tu, lilikuwa zito, limekwaruza, limeshuka chini kabisa. Ungeapa ndiye.

"Na mwizi," Miwani akaendelea, akilia, "ni binamu yangu. Tumelelewa nyumba moja. Hivi sasa yuko studio, anarekodi kwa sauti niliyoitolea jasho..."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuyatafuta, mafua yakamtii. Akapiga chafya.

"Wasikilizaji!" mtangazaji akapiga kelele. "Mmesikia mguno ule? Ndiyo yenyewe! Ile ile! Ndugu zangu, sauti yetu imeibiwa!"

Simu ya Bosi ikaita tena. Ya mezani nayo ikaita. Fundi Mitambo akachungulia dirishani: chini barabarani watu wameanza kukusanyika, wamevaa mashati yaliyoandikwa ule mguno, na mmoja wao ameshaokota jiwe.

Shangazi akaushika mkono wa Bosi. "Wewe umesikia kwa masikio yako. Umesikia rekodi. Utawaambia ukweli."

Bosi akatazama barabarani. Akalitazama kundi, akamtazama binti nyuma ya kioo, aliyefumba macho, asiyejua lolote, anakaribia kibwagizo cha mwisho.

"Fundi," akasema. "Zima."

Taa nyekundu ikazimika. Binti bado anaimba.